Re: Fomu inataka cc, gari halina injini

Kutoka: Mgosi wa Leicester
Ndugu zangu, asalaam aleikum. Nimemtumia mama Nissan Leaf ya 2013, gari la umeme, ipo bandari ya Tanga tangu Jumanne. Fomu ya forodha inataka ujazo wa injini (cc). Wakala kaweka sifuri, mfumo ukagoma. Dirishani kaambiwa, "Kalete gari lenye injini." Na gharama ya kulihifadhi inahesabika. Aliyewahi kupitisha gari la umeme, cc uliandika nini?

Kutoka: Binti Raskazone
Kaka, cc ni jambo dogo, subiri uliendeshe. La kwangu lipo nyumbani, nikija likizo ndilo ninalotumia. Vipau vya afya ya betri vilikuwa 12, vimebaki 8. Muheza kwenda na kurudi, kilomita 70 na ushee, roho juu. Kiyoyozi nazima tangu Pongwe, madirisha wazi, mwendo 60, malori nyuma yananipigia honi. Siku moja alama ya kobe iliniwakia Kange, gari likapungua nguvu, nikaingia mjini baiskeli zinanipita! Sasa soko la Ngamiani, dawa za bibi, kumsalimia shangazi Chumbageni, vyote ni safari moja, na naegesha penye mwembe.

Kutoka: Fundi wa Makorora, Osaka
Dada, unamtisha mtu bure. Leaf hiyo inakwenda kilomita 199 kwa chaji moja, ipo kwenye kitabu.

Kutoka: Binti Raskazone
Kitabu cha Ulaya hicho. Wamarekani gari hilohilo walilipimia 121, tena likiwa jipya. Na betri yake haina mfumo wa kupoozwa, joto la Tanga linaila taratibu. Usisome nusu ukurasa ukaja kutufundisha.

Kutoka: Fundi wa Makorora, Osaka
Sawa mama. Tanga kunani? Waja leo, waondoka leo. Kwa gari lako, waondoka keshokutwa.

Kutoka: Mjomba, Toronto
Acheni utani. Mimi nililala kwa shemeji Muheza, nikaomba soketi ya ukutani tu. Betri ya kilowati-saa 24 ikiwa tupu hula uniti zaidi ya 20. Alfajiri Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, inalia tii, tii, tii. Shemeji hakusema neno, ila chai ililetwa ya rangi, na ng'ombe nawaona pale uani. Siku hizi nikienda kuchaji kwa mtu natanguliza tokeni kwenye simu yake, ndipo nabisha hodi. Wanaotuomba kura waweke chaja Segera kwanza, hizo ahadi nyingine baadaye. Huku theluji imefika dirishani, nikiwasha hita masafa yanayeyuka. Ningepata chungwa moja la Muheza, lile la ganda la kijani...

Kutoka: Mgosi wa Leicester
Nashukuru wakubwa. Lakini cc?

Kutoka: Binti Raskazone
Mjomba, machungwa msimu umeanza, dada kaniambia jana. Halafu nani anarudi Tanga Desemba? Waya wangu wa kuchajia niliusahau Birmingham, hauzidi kilo tatu.