Sataranji ya bata: iingie mashindanoni au ibaki ya kuchangamsha baraza?

Mleta mada: Wadau, kwa wasioijua: kete ni zilezile, ila kuna bata mmoja asiye na mwenyewe. Ukishacheza, lazima umhamishie mraba mwingine ulio wazi. Haliwi, na njia aliyokaa haipitiki, isipokuwa kwa farasi anayeruka. Hakuna cheki (kulazimika kumwokoa mfalme akishalengwa), mfalme analiwa kama kete nyingine. Iingie mashindano rasmi?

MzeeNgome: Hapana. Hiyo ni kamari ya kwenye beseni. Vijana wa simu kusoma ubao hamwezi, sasa mmetuletea ndege.

Kitunda7: Kamari ina dadu, hapa dadu iko wapi? Na hilo la "vijana wa simu" lirudishe ulikolitoa. Nina wajukuu mimi.

MzeeNgome: Wajukuu, na bado unachezea bata? Haya.

FarasiMbio: Tuacheni umri. Malkia wako akimlenga mfalme kwa mbali, mpinzani anambwaga bata katikati, shambulio limekufa. Kwa hiyo utafute vitisho viwili kwa mpigo, maana bata hazibi njia mbili. Farasi ndiye kiboko: akishamlenga mfalme, bata hana msaada. Hesabu ya kila zamu ni mara mbili, ya kete na ya bata. Kamari gani hiyo?

MzeeNgome: Sheria za mababu hazichezewi.

BintiAskofu: Mababu wa nani? Malkia huyo mnayejidai naye alikuwa waziri, hatua moja tu kimshazari. Mbio hizi kapewa Ulaya mwishoni mwa karne ya 15, na wazee walinuna vilevile, bila shaka. Hata Capablanca, bingwa wa dunia mzima, miaka ya 1920 alitaka ubao mkubwa na kete mpya mbili.

Kitunda7: Moja ni ngome na farasi ndani ya kete moja, siyo? Ubao 10 kwa 10.

BintiAskofu: 10 kwa 8, bwana.

Kitunda7: 10 kwa 10! Nimesoma mwenyewe.

FarasiMbio: Alijaribu zote mbili. Mnagombania nini?

MzeeNgome: Na hakuna iliyoshika. Mmejijibu.

Kitunda7: Itashikaje wakati wapangaji mashindano ni watu wa aina yako?

MzeeNgome: Sijawahi kupanga shindano lolote. Chunga mdomo.

Mleta mada: Jamani, nimeuliza ndiyo au hapana.

Kitunda7: Subiri kwanza. Mzee, weupe chukua wewe, tuanze.

MzeeNgome: Bata anaanzia wapi?