Naomba ushauri: kukodi baa ya kijijini Uingereza

Habari zenu ndugu zangu, hasa mlioko Uingereza. Mimi na mke wangu tunataka kukodi baa ya zamani kijijini Yorkshire, mkataba wa miaka 10. Bia zote lazima tununue kwa mwenye jengo kwa bei yake, na matengenezo yote ni juu yetu, hata paa, ambalo tayari linavuja. Mwenye jengo ana baa chini ya 500, kwa hiyo kanuni za baa za 2016 (Pubs Code, zinazowalinda wapangaji wa wamiliki wakubwa tu) hazitulindi. Tumeomba hesabu za miaka 3, tumepewa za mwaka mmoja tu. Baa tumeipenda mno, ndiyo maana naogopa kukurupuka.

Je, tunaweza kumbana atengeneze paa kabla hatujasaini? Na aliyewahi kuuza bia kwa masharti haya, faida ilibaki kweli?