Tupeane uzoefu: kichwa gani cha treni kilipotangazwa ukakosa usingizi?

Fundi wa Malindi (mwanzisha mada)

Assalaam alaykum jamaa zangu.

Msimu wetu ndio huu. Hornby, watengenezaji wa treni ndogo za modeli kule Uingereza, hutoa orodha yao ya mwaka mwezi wa Januari, na hujamaliza kuisoma, maonyesho ya Nuremberg kule Ujerumani yanafunguliwa, Märklin na wenziwe wanamwaga mapya yao. Bachmann wa Uingereza wao siku hizi hutangaza kila robo mwaka. Sisi tunaopenda treni ndogo hatupumziki.

Nnataka tupeane uzoefu. Kichwa gani kilipotangazwa moyo ulikwenda mbio, na kilipokufikia ulikifanyia nini? Bei na picha ya boksi hazinitoshi. Nnataka kujua kwa nini hicho, kwa mtu anayeishi kisiwani ambako reli iling'olewa kabla wazee wetu wengi hawajazaliwa.

Naanza mimi. Changu ni Baldwin. Bachmann walipotangaza kwamba watatoa Baldwin 10-12-D kwa kipimo cha 009, nililisoma tangazo lile mpaka nikalihifadhi. Ni kichwa cha reli nyembamba. Wamarekani waliwatengenezea Waingereza 495 wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, vya kupeleka risasi na chakula kwa askari waliokuwa kwenye mahandaki Ufaransa. Katika 009 kila kitu kimepunguzwa mara 76, na kinatembea juu ya reli ya upana wa milimita 9.

Mtu ataniuliza, vita vya Ufaransa na Bububu wapi na wapi? Reli yetu ya Bububu ilijengwa na kampuni ya Kimarekani kuanzia 1905. Ilianzia mjini karibu na Ngome Kongwe, ikapenya mitaani, ikafika Bububu, mwendo wa maili saba hivi. Serikali iliichukua 1911, na 1922 ikaacha kupakia abiria kwa sababu motokaa zilishaenea. Sina tamaa kwamba kiwanda chochote kitakuja kutangaza kichwa cha Bububu. Kwa hiyo kila tangazo nalisoma kwa jicho moja: je, chini ya bodi hii kuna mota, gia na magurudumu yatakayonifaa? Baldwin ile ni ndogo, ya Kimarekani, ya karibu na zama zile. Sisemi ndiyo iliyokwenda Bububu. Nasema nusu ya kazi nimeletewa imekwisha, na nusu iliyobaki ni mikono yangu na kadi za posta za zamani.

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni mwendo wake wa polepole. Treni inayopita baina ya nyumba za mawe, watu wamekaa barazani, haiwezi kuruka kama panzi. Lazima itambae. Hii inatambaa kweli, wallahi, hata kwenye kona niliyoibana kabisa baina ya nyumba mbili za kadibodi na plasta.

Haya, nani anafuata?

Mjukuu wa Chukwani

Wa alaykum salaam. Fundi, umeanza na 1905 ukamruka Sayyid Barghash! Reli ya kwanza ya Unguja ni ya 1879, kutoka jumba lake la mjini mpaka Chukwani. Ile ilikuwapo hata kabla ya Beit el Ajaib, maana Beit el Ajaib ni 1883. Mwanzo mabehewa yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 Sayyid akaagiza kichwa kidogo cha magurudumu manne kutoka kiwanda cha Bagnall, Stafford, Uingereza. Alipofariki 1888 reli nayo ikafa, ikang'olewa.

Mimi tangazo langu ni Hunslet ya Bachmann, hiyo hiyo 009, vile vichwa vya machimbo ya mawe ya Wales. Hunslet na Bagnall ni viwanda viwili tofauti, na Hunslet hii tanki lake la maji limepanda mgongoni mwa bwela. Lakini nilipoona tu magurudumu manne, yote ya kusukuma, yamekaribiana namna ile, nilimwita mke wangu jikoni nikamwambia: Chukwani imepata kichwa.

Nimetengeneza treni mbili. Moja inavutwa na nyumbu wa plastiki wa mkokoteni, wa skeli hiyo hiyo, na behewa lake lina mota ndani linajiendesha lenyewe, ukitazama unaona nyumbu ndio wanaovuta. Ya pili ni ya 1881. Wageni wakija naanza na nyumbu, nawapa muda, kisha naleta moshi. Watoto wa mtaani wanajua utaratibu huo kuliko mimi, nikikosea wananirudisha.

Fundi wa Malindi

Mashaallah. Behewa la kujiendesha nyuma ya nyumbu! Tuwekee picha ya chini yake.

Mstaafu wa Kikwajuni

Wanangu, mimi sihusiki na Bububu wala Chukwani, sikuziwahi. Nilifanya kazi Mombasa enzi za Reli ya Afrika Mashariki, kabla haijavunjika 1977. Nilikuwa kijana wa karakana. Waliokuwa wakubwa pale ni mashine za mvuke za Garratt, daraja la 59, zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zililetwa 34, mwaka 1955 na 1956, kutoka kwa Beyer Peacock wa Manchester, na zilikuwa ndizo kubwa duniani kwa mvuke wa reli ya mita moja. Uzito wake ulipita tani 250.

Nikuelezeni kwa nini Garratt ilitufaa. Bwela linaning'inia katikati, na kila upande lina gari lake la magurudumu linalozunguka peke yake. Kwa hiyo mashine ndefu vile inapinda kona za mlimani, na uzito wake unagawanyika kwenye magurudumu mengi, reli haiumii. Kutoka Mombasa mpaka Nairobi unapanda tu, kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600. Na jambo vijana wengi hawalijui: hatukuwa tukikoleza makaa. Ilikuwa ikichoma mafuta mazito. Nikiona mtu ametengeneza 59 akaijazia vipande vya makaa nyuma, naumia.

Tangazo langu basi. Mjukuu wangu alinionesha kwenye simu kwamba Heljan wa Denmark wanatoa Garratt ya OO, kipimo cha kupunguza mara 76. Ni ile ya Uingereza, ya kampuni ya LMS, iliyokuwa ikivuta makaa ya mawe. Si ya kwetu. Lakini bwana, Beyer Peacock ni Beyer Peacock. Lile bwela katikati, zile pande mbili zinavyofuatana kwenye kona, upande wa mbele umeshapinda na wa nyuma bado unakuja moja kwa moja. Nilikaa kimya, mjukuu akaniuliza babu vipi. Wanangu walioko nje wakachangishana, ikaniletea Idd.

Sikuibadilisha kitu. Naiweka juu ya meza, naiendesha baada ya Alasiri. Halisi ya kwetu ipo Nairobi, namba 5918, Mount Gelai, kwenye makumbusho ya reli. Atakayefika kule aishike mkono kwa niaba yangu.

Mama wa Wete

Assalaam alaykum. Mimi mgeni katika mambo haya, mwenyewe hasa ni mwanangu, yuko skuli, kanituma niandike kwa kuwa simu ni yangu.

Huku Pemba treni hatujapata kuwa nayo, ya mvuke wala ya umeme. Mwanangu tangazo lililomkosesha usingizi halikuwa la modeli, lilikuwa la treni yenyewe. Shirika la Reli lilipotangaza kwamba mchongoko, ile treni ya umeme yenye pua ndefu, utaanza kazi, mwaka 2024, aliacha kula. Tulikuwa na safari ya Dodoma kwa harusi ya ndugu yetu, basi tukapanda boti mpaka Unguja, boti tena mpaka Dar, kisha treni. Alikaa dirishani, hakuzungumza. Aliporudi akasema anasubiri watu wa modeli nao watangaze mchongoko.

Hawajautangaza, basi kajitengenezea. Kaniambia niandike hivi, nanukuu kama alivyonisomea: reli ya SGR upana wake ni milimita 1,435, ukigawa kwa 87 unapata 16.5, na hiyo ndiyo reli ya kawaida ya H0 inayouzwa kila pahala. Ami yake alikuwa kamletea seti ya H0 kutoka Dubai, ya Kijerumani. Kaifungua, katoa bodi, kaweka la kwake la kadi ngumu. Ile pua iliyochongoka ndiyo ilimsumbua. Mimi nilimsaidia hapo: karatasi za magazeti tulizirowesha kwenye gundi ya unga wa muhogo, tukazipandisha tabaka juu ya tabaka kwenye kipande cha mti alichokichonga, zikakauka juani, akazipiga msasa. Imetoka nzuri sana, nami najivunia, sifichi.

Anauliza: kioo cha mbele atumie nini?

Mkaazi wa Shangani

Dada yangu, mwambie plastiki ya chupa ya maji, ile sehemu iliyonyooka, aipashe kidogo juu ya mvuke wa birika huku imefungwa kwenye pua ile ile ya mti. Hongera zake na hongera zako.

Mimi sina kichwa kipya, nina neno kwa wanaosubiri vyao. Hewa yetu ya chumvi haina huruma. Reli haishiki kutu nyekundu kwa kuwa ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, lakini hupata utando, umeme haupiti, treni inakwama, mtu anakilaumu kichwa. Futa kwa kitambaa na spiriti. Msasa usiguse reli, unaacha mikwaruzo inayokusanya uchafu zaidi. Na vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, viweke na kichwa chako.

Kijana wa Mwanakwerekwe

Shikamoo Mzee wangu wa Kikwajuni. Nilikuwa nasoma kimya kimya, lakini uliposema Garratt nimeshindwa.

Tangazo langu mimi ni la 2022, Hornby walipoingia TT:120, kipimo cha kupunguza mara 120. Wengi hapa walilipuuza, wakasema skeli nyengine tena ya nini, reli zetu zote tuanze upya? Mimi nilishika kikokotoo. TT:120 inatembea juu ya reli ya milimita 12. Reli ya kati ya kwetu, na ile ya Mombasa hadi Kampala ya zamani, ni ya mita moja. Gawa milimita 1,000 kwa 87 unapata 11.5. TAZARA ni milimita 1,067, gawa kwa 87, 12.3. Yaani reli ya milimita 12, ukiweka juu yake bodi za skeli ya 1:87, umepata Afrika Mashariki nzima! Waswisi wamekuwa wakifanya hivyo miaka mingi kwa treni zao za milimani, ila vifaa vyao ni ghali kwetu. Hornby alipoingia tu, reli za milimita 12 na mota zake zikaanza kupatikana kwa urahisi zaidi. Usiku ule sikulala, nilikuwa nachora.

Kasoro ipo moja: mataruma ya TT ni membamba na yamebanana, kwa sababu yamepigwa hesabu ya 1:120. Nayakata chini, nayatanua moja moja, kisha nayafunika na kokoto za matumbawe nilizoponda na kuchekecha. Kazi ya kuchosha lakini ukimaliza macho yanakubali.

Sasa nataka 59. Kwa 1:87 itatoka sentimita 36 hivi. Bodi nitaichapa kwa printa ya 3D, rafiki yangu anayo. Itahitaji mota mbili, moja kila upande, na zote zipewe namba moja kwenye mfumo wa kidijitali, kisha nizirekebishe mwendo zisivutane. Ninachokisubiri kwenye matangazo ya mwaka huu ni mashine ya magurudumu yanayokaribia ukubwa wa yale ya 59. Mzee, gurudumu kubwa la 59 lilikuwa kiasi gani?

Fundi wa Malindi

Wakati tunamsubiri Mzee, nimkumbushe Kijana na wengine: tangazo si bidhaa. Likishatoka, bado kuna michoro ya kompyuta, halafu kukata kalibu za chuma, ambako pesa nyingi ndiko zinakokwenda, halafu sampuli ya kwanza isiyo na rangi, sampuli yenye rangi, ndipo kiwanda, mara nyingi China, kizalishe. Mwaka unapita, miwili inapita. Mimi hukaa nikitazama picha za sampuli isiyo na rangi kuliko zote, maana hapo ndipo unaona umbo lilivyo kweli, na kama mota imejaza kibanda cha dereva unaliona mapema. Ukiweka oda, weka kwa jina la jamaa aliye huko na anayekuja nyumbani, akibebe mkononi. Nimeona vichwa vilivyotumwa kwenye mizigo mikubwa vikafika ngazi zimekatika.

Mstaafu wa Kikwajuni

Marahaba mwanangu. Futi nne na inchi sita. Yalikuwa manane kila upande, kumi na sita jumla, ukiacha yale madogo ya kuongoza.

Kijana wa Mwanakwerekwe

Ahsante sana Mzee. Futi nne na nusu ni milimita 1,372, gawa kwa 87, inakuja 15.8.

Subirini. Gurudumu la milimita 15.8 katika TT:120 ni sawa na futi sita na kidogo kwa ukubwa halisi. Hilo ni gurudumu la kichwa cha abiria cha Uingereza, na vya namna hiyo Hornby anavyo katika TT tayari! Sihitaji kusubiri tangazo. Nahitaji mashine mbili za magurudumu sita, niongeze ekseli moja kila upande, nirefushe fremu.

Mjukuu wa Chukwani, yule fundi wako aliyekukatia fremu ya behewa la nyumbu anakata na shaba nyembamba?

Mjukuu wa Chukwani

Anakata. Njoo Jumamosi baada ya Adhuhuri, uje na mchoro wenye vipimo vyote kwa milimita. Na Mzee kama ataweza, tutampitia Kikwajuni tuje naye.

Mstaafu wa Kikwajuni

Nitakuwa tayari. Nakuja na yangu, muipime.