Kasa wa Mnemba: Jumapili ipi?

*Kikundi: Ukoo wa Jang'ombe na Pemba*

ALHAMISI

Zuhura, 20:14
Assalaam alaykum ukoo. Safari ya kasa imeiva. Jumapili hii, Mnemba, tunapandia boti Muyuni. Gari inaondoka Jang'ombe saa moja asubuhi, saa nne tuko ndani ya maji. Mtu mzima elfu 35, mtoto elfu 20. Humo mna boti, miwani na mrija, ada ya hifadhi na matunda. Nataka majina usiku huu huu, nahodha anangoja arbuni.

Zuhura, 20:15
Nimesema majina. Dole gumba sihesabu.

Faki, 20:21
👍

Zuhura, 20:21
Faki nimekuandika na wanao wawili.

Faki, 20:22
Dada mie nilikuwa naonyesha nimesoma tu 😂

Zuhura, 20:22
Ushaandikwa.

Salma, 20:30
Mie nimo. Kisiwani tutashuka tupige picha?

Zuhura, 20:33
Hatushuki. Kisiwa ni cha hoteli. Sisi tunabaki majini, kwenye matumbawe yanayokizunguka. Hifadhi imetangazwa tangu 2002, ina masharti yake, na kasa wako hapo hapo.

Wifi Maryam, 20:47
Kwani kasa si wale wale tuliokwenda kuwaona Changuu?

Zuhura, 20:50
Hapana wifi, wale kobe, wa nchi kavu. Waliletwa kutoka Seychelles mwaka 1919. Kasa maisha yake ni bahari. Jike tu ndiye hupanda pwani usiku, akataga, akafukia, akarudi zake. Dume akishaingia majini siku ile ya kuanguliwa, mchanga ndio kwaheri.

Wifi Maryam, 20:58
Sawa. Na kwa kuwa tumefika Changuu, ile elfu 180 iliyobaki iko wapi? Maana naona tunachangishwa upya.

Zuhura, 21:01
Wifi, Changuu mimi nilikusanya majina. Mfuko hakuwa nao Zuhura. Aliyekuwa nao yumo humu humu, anasoma.

Wifi Maryam, 21:02
Basi aseme.

Salma, 21:09
😬

Faki, 21:15
Naona kimya kimetanda. Mie langu ni moja tu: huyo kasa tukimpata, tunampika na nazi au tunamchoma? 😂😂

Nassor, 21:16
😂😂😂 Nazi. Na ndimu.

Faki, 21:17
Na boflo la moto.

Zuhura, 21:20
Jamani majina. Mpaka sasa nina watu wanne tu.

Ami Hamad, 22:41
Jumapili hii mwezi 15. Bamvua. Saa nne asubuhi maji ya Muyuni yamekauka mpaka mwambani, boti imelala juu ya mchanga. Mtakwenda Mnemba kwa miguu?

Zuhura, 22:43
Shikamoo Ami. Nahodha kasema tunakwenda tu, hamna tatizo.

Ami Hamad, 22:50
Marahaba. Nahodha anataka arbuni.

Ami Hamad, 22:58
Sikiliza mwanangu. Bamvua si kukauka tu. Maji yakianza kurudi, pale Mnemba mkondo unakwenda mbio, na mchanga unapanda. Mtu asiyejua kuogelea atashika kamba ya boti saa nzima huku akitazama maji meupe. Ngojeni maji mafu. Jumapili ya pili ni mwezi 22. Siku hiyo maji yanajaa hiyo hiyo saa nne, watoto wanapanda boti ufukweni, mkondo ni mdogo, na chini panaonekana mpaka samaki aliyejificha.

Zuhura, 23:04
Jumapili ya pili kwa Mama Nassor kuna maulidi.

Ami Hamad, 23:05
Maulidi usiku. Kasa asubuhi.

IJUMAA

Shangazi Asha, 06:12
Assalaam alaykum. Nimeamka nimesoma yote.

Shangazi Asha, 06:19
Faki na Nassor. Mzaha huo msiurudie kwenye kikundi hiki. Kisiwa cha Panza ni hapa jirani yetu. Machi 2024 walifariki watoto wanane na mtu mzima mmoja, kwa nyama ya kasa. Waliolazwa walifika 78. Sumu ile haifi kwa moto, hata uchemshe kutwa. Na kasa mwenye sumu humjui kwa macho, mzima yule yule kama wenzake. Si mara ya kwanza hapa Pemba, na kila mara watoto ndio wanaotangulia. Mimi nimelelewa kwa nyama hiyo, sikatai, tulikuwa tukigawana nyumba kwa nyumba. Ndiyo maana nawaambia.

Faki, 06:40
Nisamehe shangazi. Sikufikiri.

Nassor, 06:55
Samahani shangazi.

Zuhura, 07:10
Ahsante shangazi. Hilo ndilo linalonihangaisha na safari hii. Wanangu wanamjua kasa kwa mambo mawili: gamba lililotundikwa ukumbini kwa Bibi, na hadithi za chungu. Wamezaliwa kisiwani na hawajamuona akiogelea. Mgeni anakaa kwenye ndege masaa kumi kuja kumuona, mtoto wa Jang'ombe hajui hata rangi yake. Mie nataka wamuone hai, kwenye bahari yao. Kwa hiyo tafadhali, MAJINA.

Salma, 07:31
Dada, kwa nini tusiende bwawani kule Nungwi? Kasa wapo hapo hapo, unawalisha mwani, bei rahisi na hamna mkondo.

Zuhura, 07:33
Salma nimesema Mnemba.

Ami Hamad, 12:58
Kasa wa bwawani amezoea mkono. Anafuata mwani, hakufuati wewe. Sisemi msiende, lakini watoto watarudi wanadhani kasa ni mnyama wa kulishwa. Wa baharini humuoni mpaka ukae kimya. Unaelea, uso ndani ya maji, humfukuzi. Yuko chini anachuna majani ya bahari, kichwa kinakwenda huku na huku, unaliona tope dogo linapanda kila anapong'oa. Halafu anaacha kula. Anapanda taratibu, mabawa mawili ya mbele, hana haraka. Anatoa pua tu juu ya maji, unamsikia akitoa pumzi, anavuta moja, kisha anashuka tena pale pale alipoachia.

Ami Hamad, 13:06
Na hapo ndipo watu wanapoharibu. Anapopanda kupumua, boti tatu zinamzunguka, watu thelathini wanarukia juu yake. Kasa anavuta hewa kama wewe. Ukimziba juu anashuka bila pumzi. Mimi nimeona mtu anamshika gamba apigwe picha. Mkienda na nahodha anayeruhusu hayo, bora mbaki nyumbani.

Nassor, 13:20
Ami, na yule kasa wa ng'amba je? Yupo?

Ami Hamad, 13:24
Yupo, ila wachache. Mtafute mwambani, hakai kwenye majani. Mdomo wake umechongoka, anakula sifongo ndani ya mashimo ya matumbawe. Wale walimalizwa kwa ajili ya gamba lao. Bangili za bibi zenu zilitoka huko.

Zuhura, 13:30
Haya, nahodha nitampa masharti: hakuna kumshika kasa, hakuna kumfukuza, hakuna kusimama juu ya matumbawe. Akikataa namtafuta mwengine. Tunahamia Jumapili ya pili, mwezi 22. Aliyejiandikisha hafutwi.

Wifi Maryam, 14:15
Na ya Changuu?

Zuhura, 14:16
Wifi muulize mwenyewe mwenye mfuko.

Mwanaidi (Muscat), 17:02
Shikamooni wakubwa. Nimetoka kazini sasa hivi. Mie siwezi kuja ila wanangu wako kwa Salma, waandikeni wote watatu, nitawalipia.

Zuhura, 17:03
Mungu akubariki. Huyu yuko Omani na amejibu kabla ya watu wa Kikwajuni.

Faki, 17:10
Watu wa Kikwajuni wapo, wanaangalia mpira 😂

Nassor, 17:12
Dakika ya 70 bado sare, msitusumbue.

Salma, 18:44
Jamani tulieni kidogo. Bibi kaniita. Nimemsomea yote, kaniambia niandike kama alivyosema, nisipunguze.

Salma, 18:52
"Hamjambo wanangu. Mimi sikatazi mtu bahari. Bahari ndiyo iliyotulisha, na babu yenu alizikwa na harufu yake. Lakini Septemba 2011 mwanangu alipanda chombo kilichojaa watu, na nyinyi nyote mnajua kuwa mimi sikuzika. Kwa hivyo nasema mara moja. Boti hiyo kila mtu awe na jaketi lake, limefungwa kabla nanga haijang'olewa. Mtoto jaketi la mtoto, si la mtu mzima lililokunjwa. Watu wakizidi, mshuke, na arbuni ipotee. Na Hamad awe ndani ya boti. Asisimame ufukweni kuwatazama, awe ndani. Pasipo hayo hakuna wa kwangu atakayekwenda. Nimemaliza."

Zuhura, 19:20
Tumesikia Bibi.

Faki, 19:21
Tumesikia Bibi.

Shangazi Asha, 19:23
Allah akuweke mama. Na huku kwetu tumesikia.

Nassor, 19:26
Tumesikia Bibi.

Wifi Maryam, 19:40
Tumesikia.

Mwanaidi (Muscat), 19:58
Tumesikia Bibi. Nakukumbuka kila siku.

JUMAMOSI

Ami Hamad, 05:47
Mama kasema na mimi sina la kuongeza. Ila mwezi 22 giza limeanza. Ndiyo wiki ya dagaa. Tunatoka kila jioni, tunarudi alfajiri, na Jumamosi usiku nina zamu ya taa. Nikitoka huko nipande boti ya Mnemba na watoto, nitakuwa nasinzia. Na kusinzia si kuangalia watoto.

Zuhura, 05:59
Ami, zamu haibadilishwi?

Ami Hamad, 06:03
Nitazungumza na wenzangu. Leo sitoi neno.

Zuhura, 06:05
Basi tusogeze tena? Jumapili ya tatu?

Ami Hamad, 06:11
Jumapili ya tatu mwezi mwandamo, bamvua nyengine. Ya nne ni maji mafu tena. Lakini huko mbele vuli inaanza kukaza, mvua ikishuka asubuhi maji yanachafuka. Mwezi 22 ndiyo siku. Niachieni.

Zuhura, 09:34
Nimempigia nahodha. Masharti ya kasa kakubali. Jaketi anazo za kutosha wakubwa. Za watoto hana hata moja. Kasema, "Tunawafunga za wakubwa vizuri tu, wamezoea." Nimemwambia sisi hatukuzoea.

Salma, 09:36
Za kukodi je? Hoteli za Matemwe hazina?

Zuhura, 09:41
Nimeuliza sehemu mbili, moja imekataa, moja wananijibu Jumatatu.

Mwanaidi (Muscat), 10:15
Huku zipo madukani. Za watoto, zenye mkanda wa kupita kati ya miguu lisivuke kichwani. Nani anakuja nyumbani wiki hii nimpe mzigo?

Faki, 10:18
Mume wa Rukia anarudi Jumatano, nadhani.

Mwanaidi (Muscat), 10:19
Unadhani au unajua?

Faki, 10:20
Nadhani sana.

Zuhura, 10:22
Faki mpigie sasa hivi. Usinijibu hapa, mpigie.

Talib, 11:48
Assalaam alaykum. Nilikuwa na shughuli. Gari naweza kuipata kwa rafiki yangu, Coaster nzuri, bei ya kindugu.

Wifi Maryam, 11:49
Talib! Karibu. Na mfuko wa Changuu?

Nassor, 11:50
😶

Wifi Maryam, 11:55
Talib?

Shangazi Asha, 12:20
Maryam, hilo mlimalize nyumbani kwa Bibi, uso kwa uso, baada ya Ijumaa. Watoto wenu wanasoma humu.

Wifi Maryam, 12:24
Sawa shangazi. Lakini mpaka limalizike, mchango wangu nautoa mkononi kwa Ami. Kwa mtu mwengine sitoi.

Zuhura, 12:31
Sawa, hilo sina ubishi nalo, na wote tufanye hivyo hivyo. Fedha kwa Ami Hamad. Mie nabaki na majina. Arbuni sijatoa na sitoi mpaka Ami aseme kuhusu zamu yake na jaketi za watoto ziwe mkononi.

Zuhura, 12:33
Na gari, Talib, niandikie namba ya huyo dereva na idadi ya viti. Viti vya kweli, si vya kubanana. La sivyo tutapanda daladala 118 mpaka Matemwe, tutafute usafiri wa Muyuni hapo.

Talib, 13:40
Nitakutumia.

Zuhura, 16:05
Talib, bado sijaona kitu.

Faki, 16:30
Nimempata mume wa Rukia. Anarudi Jumatano, ila mzigo wake umeshajaa kilo. Kasema jaketi mbili tatu atabeba mkononi. Zaidi ya hapo hawezi.

Mwanaidi (Muscat), 16:52
Tatu ni za wanangu, na wa Faki na wa Zuhura? Hebu kila mtu anitajie kilo za mtoto. Huku zinauzwa kwa uzito, si kwa miaka.

Zuhura, 16:55
Wapimeni leo leo pale duka la dawa, muandike hapa jina na kilo. Na wifi Maryam, wako sijawaandika, umo au humo?

Wifi Maryam, 17:20
Nangoja neno la Ami.

Faki, 18:02
Wangu kilo 19 na kilo 24. Mdogo anauliza kasa anang'ata?

Ami Hamad, 18:40
Hang'ati asiyemshika. Nakwenda diko la wavuvi kuzungumza na wenzangu.