Kurasa sita za Chrono Trigger: nianze na gemu, au nilitafute kwanza lile jarida?

kurasa_sita aliuliza:

Habari zenu wakuu. Nina swali ambalo kwa mwingine litaonekana dogo, ila mimi limenikaa kichwani wiki ya pili sasa.

Nikiwa na miaka tisa, mgeni mmoja alituachia nyumbani jarida la gemu la Kijapani. Halikuwa na jalada, mgongo umechanika, na kurasa za katikati zilishikwa na pini moja tu. Konsoli hatukuwa nayo, na pale nyumbani hakuna aliyejua herufi hata moja ya Kijapani. Lakini ndani mlikuwa na kurasa sita za Chrono Trigger, na mimi na dada yangu tulizisoma zaidi ya miaka miwili. Kusoma kwetu kulikuwa kutazama picha na kupanga hadithi. Dada ndiye aliyesimulia, mimi nageuza kurasa.

Chura mwenye joho na upanga tulimfanya mkubwa wao wote, kwa sababu katika kila picha alikuwa hacheki. Binti wa miwani na kofia ya chuma alikuwa daktari. Roboti alikuwa mgonjwa wake. Kulikuwa na picha moja ndogo, haizidi kiberiti: kijana mwenye nywele nyekundu amesimama peke yake katikati ya ukumbi mkubwa, madirisha ya vioo vya rangi, mwanga, watu wamekaa wakimtazama. Dada akaamua kwamba ile ni harusi, na bibi harusi amechelewa. Kila tulipofika hapo aliniambia nisigeuze haraka, tumsubiri kidogo.

Jarida lilipotea tulipohama. Sasa gemu ninayo kwenye kompyuta, na sijaianza. Nikiifungua naona ile pendulamu inayumba, nazima. Naogopa kwamba nikicheza, ile hadithi yetu itafutika na sitaipata tena.

Nianze tu? Au nilitafute lile jarida kwanza, nizione zile kurasa mara moja kabla sijajua ukweli? Na tafadhali, mwenye kujua kuna nini pale ukumbini asiniambie.

tivii_ya_chogo alijibu:

Mkuu, anza. Jarida litakungoja, limeshakungoja miaka yote hii.

Ila anza vizuri. Gemu hii ilitoka Japani Machi 1995 kwa Super Famicom, konsoli ya Nintendo, Wamarekani wakaipata Agosti mwaka huo huo. Baadaye ikaja ya PlayStation mwaka 1999 yenye vipande vya katuni, ya DS mwaka 2008, ya simu mwaka 2011, na ya kompyuta mwaka 2018. Hadithi ni ile ile. Kinachobadilika ni macho yako yanavyoipokea.

Picha za Super Famicom kwa kawaida zilikuwa na pikseli 256 kwa 224, na waliozichora walijua zitaonekana kwenye tivii ya chogo. Kwenye kioo cha chogo rangi ya pikseli moja inavuja kidogo kwenda kwa jirani yake. Vidoti viwili, kimoja cheusi na kimoja cha kahawia, vinakuwa kivuli cha shavu. Ukiiweka ile ile kwenye skrini ya leo, kila kidoti kinasimama peke yake na shavu linageuka matofali. Kama emuleta yako, yaani programu ya kuigiza konsoli, ina kichujio cha kuigiza chogo, kiwashe. Usiogope ile mistari myembamba inayolala, ndiyo picha yenyewe ilivyokuwa.

Halafu sikiliza. Yasunori Mitsuda alikuwa bado kijana alipopewa kazi ya muziki wa gemu hii, akafanya kazi mpaka akaugua vidonda vya tumbo, na Nobuo Uematsu ndiye aliyemalizia nyimbo zilizobaki. Sijawahi kuusikia ule muziki wa mwaka 600, moja ya zama ambazo gemu inakupeleka, nikiwa nasimama tu uwanjani bila kulijua hilo moyoni. Usivae spika mbovu za masikioni kwa kazi ya namna hiyo, tafuta spika nzuri.

daftari_la_miraba alijibu:

Kaka, mimi nakuelewa kuliko huyo mwenzangu, ingawa jibu letu ni moja.

Mimi nilianza na Wizardry, ile ya mwaka 1981. Mashimo kumi chini ya ardhi, kila moja miraba 20 kwa 20, na gemu haikupi ramani. Unachokiona ni ukuta wa mbele yako, umechorwa kwa mistari mitupu. Ramani unaichora mwenyewe kwenye karatasi ya miraba, hatua moja mraba mmoja. Na kuna sehemu ukikanyaga unageuzwa bila kuambiwa. Unadhani unaelekea kaskazini, kumbe unakwenda mashariki, na kalamu yako inaendelea kuchora uongo kwa utulivu kabisa. Ndani ya ukurasa mmoja nilikuwa na vyumba viwili vilivyopandana.

Baadaye nikapata katriji, yaani kaseti ya gemu, ya Dragon Quest II, ya Kijapani. Ile haikuwa na betri ya kutunza ulipofikia. Mfalme anakutajia maneno ya siri, yanaweza kufika herufi 52, unayaandika, na siku ya pili unayarudisha kama yalivyo. Kijapani sikijui, kwa hiyo nilikuwa nachora. Naomba utazame herufi hizi tatu: ね, れ, わ. Ubavu wa kushoto ni ule ule kwa zote. Tofauti iko kwenye mkia tu: mmoja unafunga kitanzi, mmoja unatoka nje, mmoja unajikunja kurudi ndani. Siku moja nilikosea mkia wa herufi moja, na jioni tatu za safari zikawa zimekwenda. Nilijaribu kubadilisha mkia mmoja mmoja mpaka usiku, sikuipata. Nilijifunza kuandika kila maneno mara mbili, mara ya pili nikianzia mwisho.

Daftari hilo ninalo bado. Mwaka juzi nikarudia Wizardry kutoka mwanzo, na shimo la nne nikagundua kwamba ramani yangu ya zamani ina makosa tele. Nilichora mpya kwenye karatasi mpya. Ile ya zamani sikuifuta hata mstari. Nimeziweka pamoja, na nikizifungua najua kabisa ipi ni ya Wizardry na ipi ni ya yule binti niliyekuwa mimi, nikinyoosha mstari kwa kadi ya karata. Zote mbili nazipenda. Harusi yenu ni ya kwako na dada yako, waliotengeneza gemu hawana namna ya kuigusa.

Anza. Ila mpigie dada yako kwanza.

rafu_ya_tatu alijibu:

Mimi napingana na wote wawili. Tafuta jarida kwanza. Ukishacheza, zile picha hutaziona tena kama mlivyoziona, utakuwa unasoma majibu.

Na kulipata si ndoto. Gemu ilitoka Machi 1995, kwa hiyo angalia majarida ya Kijapani ya kuanzia mwisho wa 1994 mpaka wiki zile za kutoka. Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni, ina skani nyingi zilizopandishwa na watu binafsi. Video Game History Foundation, shirika la kuhifadhi historia ya gemu, nao walifungua maktaba yao ya mtandaoni Januari 2025, wakiwa na matoleo zaidi ya 1,500 ya majarida yaliyokwisha kufa, na unaweza kutafuta neno ndani ya kurasa. Mengi ni ya Kiingereza, lakini pitia. Hao ndio waliochunguza mwaka 2023 wakakuta kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena popote kwa njia ya kawaida. Wengi wetu gemu za namna hiyo tumebaki nazo kwenye karatasi tu, ndiyo maana nakasirika nikiona mtu anatupa rundo la majarida kwa sababu yamekwisha wakati. Ukurasa wa vidokezo, barua za wasomaji, hata tangazo la padi ya ziada ya kuchezea, vyote vinasema watu walikuwa wanangojea nini mwezi ule.

Swali moja: mlikuwa mnalifungua kutoka upande gani? Majarida mengi ya Kijapani huanzia upande ambao sisi tunauita mwisho.

kurasa_sita alijibu:

Mkuu, tulilifungua kutoka kushoto, kama daftari la shule. Sikuwahi kufikiria. Maana yake hadithi yetu yote ilikuwa inakwenda kinyumenyume, na ile harusi ambayo kwetu ilikuwa karibu na mwisho ilikuwa karibu na mwanzo.

Nimepitia skani jioni nne. Nimeona chura yule yule kwenye majarida mawili, ila kurasa si zetu. Nimeamua nisingoje tena. Nimemwambia dada, amesema nicheze, nimsimulie.

kurasa_sita alijibu:

Nimerudi. Nimefika ukumbini.

Naomba niwaelezee taratibu, maana wengi wenu mlishapita na labda mmesahau ilivyokuwa mara ya kwanza. Gemu inaanzia kwenye tamasha la mwaka 1000. Nilizunguka nikiangalia kila kitu kwa sababu nilikuwa nakitambua: kengele, lile jukwaa la mashine ya yule binti wa miwani, ambaye si daktari, ni fundi. Kulikuwa na mfuko wa chakula juu ya meza. Nikabonyeza, nikala. Kuna mtoto wa kike aliyepotelewa na paka, nikamrudishia. Binti mmoja aligongana nami, kidani chake kikaanguka, nikakimbilia kidani kabla ya kumwuliza yeye kama ameumia. Nikaendelea na safari zangu.

Saa kadhaa baadaye milango ikafunguka, na nikaiona. Madirisha ya vioo vya rangi, mwanga, watu wamekaa pande zote, na mimi katikati peke yangu. Picha yetu ya kiberiti, sasa imejaa skrini nzima na ina muziki. Niliweka padi chini.

Ni kesi. Yule binti niliyegongana naye ni binti wa mfalme, na nashitakiwa kwamba nilimteka. Na wanaitwa mashahidi, wakuu. Mzee akasimama akasema nilimlia chakula chake. Lile la kukimbilia kidani nalo likatajwa. Mtoto wa paka naye alikuja, akanitetea. Hakuna aliyeniambia kule tamashani kwamba kuna mtu ananitazama. Gemu ya mwaka 1995, ndani ya katriji ya megabiti 32, ilikuwa imeandika yote. Wazee saba wakaingia mmoja mmoja, huyu kulia, huyu kushoto, na nilishindwa.

Nimempigia dada usiku ule ule. Nimemwambia kwamba pale si harusi, ni mahakama. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na yule bibi harusi, alikuja?"

Nikamwambia alikuja, akikimbia, wakati hukumu imeshatoka na mimi ninaondolewa.

"Si nilikwambia," akasema, "alikuwa amechelewa."