Jumla ya sacco yetu imegota 2,147,483,647, naomba ushauri

MwekaHazina_Arua: Habari zenu wakuu. Natunza hazina ya sacco moja huku Arua, kuna kijana alitutengenezea programu ya mahesabu na siku hizi simu hashiki. Sasa ile jumla ya akiba pale juu kwenye skrini imegota 2,147,483,647, watu wakiweka pesa haipandi hata shilingi, mtu akitoa laki tano inashuka vizuri tu, wakiweka tena inapanda mpaka palepale inasimama. Na hiyo 647 inatoka wapi wakati kila mtu anaweka elfu elfu? Jumamosi tuna mkutano mkuu na maneno yameshaanza kwamba nimekula. Nisaidieni jamani

Kaka_Mbale: Hapo kuna mtu anachota. Badilisha paswedi leo leo

fundi_kodi: Hakuna wizi, hiyo namba sisi tunaijua. Programu imetunza jumla kwa biti 32, yaani nafasi 32 za 0 au 1, moja inaliwa na alama ya chanya au hasi zinabaki 31, kwa hiyo namba kubwa kabisa inayoingia ni 2 kwa kipeo cha 31 ukitoa 1, ndio hiyo yako. Mngekuwa mnahesabu dola msingeiona maisha yenu ila kwa shilingi yetu bilioni mbili sacco inafika. Na shukuru imegota, kuna programu zikijaa zinapinduka zinaonyesha hasi bilioni mbili, hapo ungemwambia nini mwenyekiti

Mwl_Gulu: Na ni namba tasa hiyo! Mkisema mgawane sawasawa bila kubaki hata shilingi hamuwezi, labda mwanachama awe mmoja. Mwanahisabati Euler ndiye alithibitisha 1772, macho yenyewe yameshakwisha. Hakujaribu kila namba, aliona kwamba kigawanyo chochote cha hiyo namba ukikipunguza 1 lazima kigawanyike kwa 62, na huna haja ya kupita 46,340 maana kipeuo cha pili chake kinaishia hapo, kwa hiyo zilibaki chache za kujaribu. Mimi hii huwa nawapa S4 wanapenda sana

MwekaHazina_Arua: Mwalimu asante ila mimi nina Jumamosi 😂 pesa zipo au hazipo?

fundi_kodi: Kwenye programu zipo, akaunti ya mtu mmoja haifiki bilioni mbili kwa hiyo zile ziko salama, kilichoharibika ni hiyo jumla. Usiiamini tena hata ikishuka, maana kila ilipogota ilikuwa inameza zilizoingia. Fanya bakapu kwenye flashi kwanza, toa orodha ya wanachama wote ujumlishe kwenye Excel, halafu linganisha na stetimenti ya benki, keshi ya kwenye sefu na mikopo iliyo nje. Hiyo karatasi ndio uende nayo mkutanoni. Baadaye fundi abadilishe kolamu toka int (namba ya biti 32) iwe bigint (ya biti 64), hiyo inafika 9,223,372,036,854,775,807

Mwl_Gulu: Hiyo sasa si tasa, 7 inaigawa

fundi_kodi: 😂😂 haya mwalimu. Mweka hazina, akishafungua aangalie na tarehe. Kama saa inahesabiwa kwa sekunde toka 1970 kwa biti 32 hizohizo, itajaa 19 Januari 2038 saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, saa za Kampala

Kaka_Mbale: Kwa hiyo paswedi asibadilishe?

fundi_kodi: Abadilishe tu