Tupeane uzoefu: wacheza wavu wa Arusha na Moshi, mwili ulianza kukugomea wapi?

Smashi wa Sakina (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa nimepandisha mguu kwenye stuli, enka imevimba kama andazi. Mara ya tatu hii, mguu ule ule wa kulia. Jumamosi nilipanda bloku, yaani niliruka wavuni kuzuia mpira wao, nikashukia kiatu cha mshambuliaji wao aliyekuwa amepitiliza chini ya wavu. Refa hakupuliza, na kusema kweli hakuwa na cha kupuliza: sheria inaruhusu mguu uvuke mstari wa kati ilimradi sehemu yake bado inaugusa mstari au iko juu yake. Basi hapo ndipo enka zetu nyingi zinapoishia.

Wenzangu wanasema nina mkosi, mmoja kanishauri nikaombewe. Mimi nimeanza kuushuku mwili wangu mwenyewe. Mara ya kwanza nilikaa wiki 2 tu, uvimbe ulipopungua nikarudi uwanjani. Mwenye uzoefu amwage: uliumia wapi, na kabla ya siku hiyo mwili wako ulikuwaje? Uzito, raba, uzembe, semeni tu. Matusi hapana.

Seta Mstaafu

Pole sana mkuu. Maombi hayakatazwi, ila enka ikishateguka mara moja kano zinalegea, na mguu unapoteza ile akili ya kujua umekaaje ukiwa hewani. Kwenye mchezo huu aliyewahi kuteguka ndiye wa kwanza kuteguka tena, hasa ndani ya mwaka wa kwanza. Wewe ulirudi na mguu uliopona kwa macho tu.

Mimi nilitoka huko kwa kusimama mguu mmoja kila asubuhi nikipiga mswaki. Wiki ya kwanza nilikuwa nimeng'ang'ania karo. Baadaye nikawa nafumba macho kabisa, mke wangu akauliza kama nimehamia dini nyingine. Nilikwenda hivyo miezi mitatu, na mechini nikivaa kishikizo cha enka chenye kamba.

Halafu usikubali mtu akukande maji ya moto siku za mwanzo. Barafu kwenye kitambaa, bandeji, mguu juu. Na kama huwezi kukanyaga hata hatua 4, au mfupa wa kifundo unauma ukiubonyeza, kapige picha kwanza.

Pekupeku Original

Nyie mnadeka. Miaka 20 nacheza pekupeku Ngarenaro, sijawahi kufungwa hata bandeji.

Mangi wa Kibosho

Pekupeku, wewe tunakujua, huwa huruki. Mpira unakufuata ulipo.

Mimi tatizo langu goti. Nina kilo 98 na ndiye mshambuliaji wa kati, kwa hiyo kila mpira naruka, iwe napewa au nadanganyia tu. Uwanja wetu ni saruji tupu. Maumivu yako chini ya kofia ya goti, padogo hivi, unapaziba kwa kidole kimoja. Kupanda kwenda kwa mama Kibosho sina shida. Kushuka kufuata Hiace ndiyo kazi, kuna vipande nashuka kinyumenyume watoto wa jirani wakinicheka.

Nilichua kila dawa. Nikapumzika mwezi mzima, goti likatulia, siku ya pili ya mazoezi likarudi vile vile. Mtaalamu wa viungo ndiye aliyenifungua macho: ukano wa pale chini ya kofia ya goti hauponi kwa kulala, unataka kubebeshwa mzigo taratibu mpaka uzoee. Akanipa zoezi la kusimama kwenye ubao ulioinuliwa nyuma kwa tofali, visigino juu, kisha kuchuchumaa polepole kwa mguu mbovu na kuinukia ule mzima. Linauma, na aliniambia mapema kwamba litauma kidogo. Pia akanituma nihesabu miruko yangu. Jioni moja nilifika 140 nikaacha kuhesabu! Sasa naruka siku 2 kwa wiki, siku nyingine napokea na kupanga mipira tu. Wenzetu wa ufukweni mchanga unawapokea, ndiyo maana goti la namna hii haliwasumbui sana.

Mwalimu Wavu

Nafundisha wasichana wa sekondari hapa Moshi, shule siitaji. Mwaka juzi mmoja alipiga smashi safi, akashuka kwa mguu wa kushoto peke yake, goti likaingia ndani. Hakuguswa na mtu. Mlio wake tuliusikia hadi benchi. Ukano wa ndani ya goti, ule mtambuka wa mbele, ulikatika, na mpaka leo hajarudi kucheza.

Baada ya hapo nikaanza kuwarekodi kwa simu wakishuka. Ukiipunguza kasi ile video unaona magoti yanagongana kama ya ndama aliyezaliwa leo. Wasichana huumia ukano huo zaidi ya wavulana, na kushuka namna ile ni sehemu ya sababu. Nikajiuliza mimi mwenyewe niliwafundisha lini kutua. Sijawahi. Kuruka tunafundisha tangu kidato cha kwanza. Sasa tunatumia dawati fupi: shuka kwa miguu miwili, magoti yaelekee vidole, na nisikusikie. Nikisikia kishindo, unarudia.

Kingine ni aibu yetu. Nguzo zetu zilichomelewa ndoano moja tu, ya mita 2.43, ambayo ni ya wanaume. Wanawake ni 2.24. Kwa miaka mabinti walikuwa wanajinyoosha kufuata sentimita 19 zisizo zao, wakishuka wamepinda. Fundi aliongeza ndoano ya pili asubuhi moja, akamaliza kabla ya chai.

Bega la Kijenge

Langu lilionwa na fundi cherehani. Nilikwenda kupima shati, akapitisha mkono nyuma ya bega la kulia akasema, "Kaka, huku umebonyea, nikate saizi gani?" Nikadhani utani. Nyumbani nikajitazama kwa vioo viwili: kweli, nyuma ya bega kuna shimo. Hospitali wakasema mshipa wa fahamu unaolisha msuli wa pale umebanwa na kuvutwa kwa miaka ya kupiga smashi, msuli ukasinyaa. Maumivu sikuwa nayo hata kidogo, nguvu tu ndiyo ilipungua nikasingizia umri. Wapigaji, vueni mashati mkaguane migongo.

Na asubuhi za Julai hapa Arusha msianze na smashi. Bega linataka lipate joto kwanza.

Mwalimu Wavu

Mleta mada, uvimbe ukiisha jipime hivi kabla ya kurudi. Pekupeku, tazama ukuta, kunja goti mpaka liguse ukuta bila kisigino kuinuka. Rudi nyuma kidogo kidogo, kisha pima kutoka kidole gumba hadi ukutani. Ukifika sentimita 10 uko vizuri. Linganisha miguu yote miwili. Mangi, na wewe pia: enka isiyokunja humwachia goti kazi ya kupokea kishindo.

Smashi wa Sakina (mleta mada)

Leo siku ya 16. Nimepima kwa futi ya fundi: kushoto 11, kulia 5. Sirudi mwezi huu, nimeshamwambia kocha, kanuna. Naendelea na mswaki.

Mangi wa Kibosho

Nimejipima kwenye ukuta wa jikoni, mama akishika rula na kucheka. Kushoto 4, kulia 6. Goti bovu ni la kushoto. Miaka 3 nimelichua goti hilo, enka sikuwahi hata kuitazama. Mwalimu, zoezi la kuilegeza ni lipi?